Tuwajue Wakweka wa Banani kabla ya kuwasema

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum, wewe na wasomaji wote wa Unguja na Pemba. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba sana usiipunguze barua hii ikiwezekana, maana habari yenyewe ni ndefu na ukiikata kati watu watapata nusu tu, na nusu ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo.

Kuna maneno yanazunguka siku hizi kwenye mabaraza ya hapa Chake na kwenye magrupu ya wasapu ya Wapemba walioko nje, kwamba wamishionari waliofika Pemba wakati wa Waingereza wote walikuwa kitu kimoja, wote walifata mashamba ya karafuu na kubatiza watu, na kwamba kule Banani, walikokaa Wakweka, yaani Wakristo wa madhehebu yaliyoanzia Uingereza, hakukuwa na lolote ila shamba la Mzungu. Wengine wakisikia kuwa wale watu ibada yao ni kukaa kimya, hawana padri, hawana msalaba ukutani, hawabatizi mtu kwa maji, basi wanasema hao hawana dini, labda ni Frimasoni. Mie ni Muislamu, mtoto wa Chake Chake, dini yangu sina shaka nayo wala sina haja ya nyengine, lakini nasema hapana, sivyo, na ni aibu kwetu watu wa kisiwa hichi kuwasema hivyo watu walioingia ndani ya historia yetu bila ya kuuliza walikuwa nani, waliamini nini na nini kiliwatoa kwao mpaka wakafika huku kwetu. Na waliingia pahala pagumu kabisa pa historia yetu, pahala ambapo sisi wenyewe hatupendi kupasema, yaani utumwa na kumalizika kwake.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1624 huko Uingereza, katika kijiji kimoja cha Leicestershire, alizaliwa mtoto wa mfuma nguo, jina lake George Fox. Alikuwa mtu wa kawaida, alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi viatu, hakwenda chuo chochote kikubwa. Wakati ule Uingereza ilikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe, mfalme na bunge wanapigana, na mwisho wake mfalme Charles wa kwanza alikatwa kichwa mwaka 1649. Dini nayo ilikuwa vurugu tupu, kila mtu na kanisa lake, na huyu kijana akatoka kwao akiwa na miaka kama 19 akawa anazunguka anauliza mapadri kwa nini roho yake haina utulivu. Padri mmoja akamwambia avute tumbaku na aimbe zaburi. Mwengine walikuwa wanatembea bustanini wanazungumza vizuri tu, kijana akakanyaga tuta la maua kwa bahati mbaya, yule padri akapandwa na hasira kama nyumba inaungua. Hebu fikiri, mtu anakuja na dhiki ya moyo wake na wewe unamfokea kwa ajili ya maua.

Basi mwaka 1647, kwa maelezo yake mwenyewe, alipokwishakata tamaa na watu wote, akasikia ndani yake kwamba yuko mmoja, Yesu Kristo, anayeweza kusema na hali yake. Hapo ndipo penye mzizi wa imani yao yote. Wanasema Mungu ameweka nuru katika kila mtu, mwanamme na mwanamke, tajiri na masikini, mweupe na mweusi, na mtu akinyamaza akaisikiliza nuru ile itamwonesha dhambi yake na itamwongoza. Kama kila mtu anayo basi hapana haja ya padri wa kulipwa kusimama kati ya mtu na Mola wake, hapana haja ya jengo kubwa lenye mnara, hapana haja ya maji ya ubatizo wala mkate na divai, kwani wao wanaona ubatizo wa kweli ni wa roho. Wanakusanyika wanakaa kimya, saa nzima pengine, na yule anayehisi amepewa neno anasimama analisema kisha anakaa, awe bwana au mtumishi wake wa jikoni. Hiyo ndiyo ibada yao. Wewe unaweza usikubaliane nayo, mie kuna mengi sikubaliani nayo kwa sababu mie nina Qur'ani na nina Mtume wangu, lakini kusema kuwa hawana dini ni uongo, watu wale dini iliwaingia mpaka kwenye mifupa.

Mwaka 1652 Fox alifika kaskazini ya Uingereza, akapanda mlima wa Pendle, na baada ya siku chache akasimama juu ya jiwe pahala panaitwa Firbank Fell akasema na watu zaidi ya elfu moja kwa muda wa kama masaa matatu. Mwaka huo huo akaingia kanisa la Ulverston. Humo alikuwemo bibi mmoja mwenye cheo, Margaret Fell, mke wa hakimu, na Fox akawauliza watu, nyinyi mnasema Kristo kasema hivi na mitume wamesema hivi, je wewe mwenyewe unasema nini? Yule bibi akasimama kwenye kiti chake kisha akakaa analia, anasema sisi sote ni wezi, tumeyachukua maandiko kwa maneno tu na ndani ya nafsi zetu hatuyajui. Nyumba yake ya Swarthmoor ndiyo ikawa makao ya harakati ile, barua zinatoka pale pesa za wafungwa zinakusanywa pale, na mwaka 1666 akiwa gerezani alichapisha kijitabu cha kutetea haki ya wanawake kusema katika ibada. Miaka mitatu baadae, mumewe akiwa ameshafariki zamani, akaolewa na Fox.

Wao wenyewe wakijiita Marafiki. Hili jina la Quaker, yaani watetemekaji, alilitoa hakimu mmoja wa Derby mwaka 1650 kwa kejeli kwa kuwa Fox alimwambia atetemeke mbele ya neno la Mungu, likawaganda mpaka leo, na kwa Kiswahili watu wanasema Wakweka.

Sasa kwa nini walichukiwa? Hapa nataka wasomaji wangu watulie maana ndipo penye faida. Kwa Waingereza wa zama zile kumvulia kofia mkubwa ndiyo heshima, si kama kwetu ambapo mzee unamwendea na kofia yako kichwani na ukiwa kichwa wazi ndio unaonekana huna adabu. Wakweka walikataa kuvua kofia kwa mtu yeyote, iwe hakimu iwe mfalme, wakasema kofia inavuliwa kwa Mungu tu wakati wa dua. Walikataa kula kiapo mahakamani, kwa sababu Injili imesema usiape kabisa, ndiyo yako iwe ndiyo na hapana yako iwe hapana, na wakasema ukiapa kuwa leo utasema kweli maana yake jana ulikuwa unasema uongo. Walikataa kutoa fungu la kumi la kulishia mapadri. Madukani kwao bei ilikuwa moja, hapana kuvutana, mpaka ikawa unaweza kumtuma mtoto dukani kwa Mkweka na akarudi na kitu chake kamili na chenji yake. Vitu vyenyewe ukivitazama ni vidogo, kofia, kiapo, bei, lakini nchi ile yote ilisimama juu ya ngazi ya wakubwa na wadogo na hawa walikuwa wanaivuta ngazi kwa chini.

Kwa hivyo wakafungwa. Maelfu walifungwa na mamia walifia gerezani, khasa baada ya mwaka 1660 mfalme mpya aliporudi. Ilipitishwa sheria mwaka 1662 mahsusi kwa ajili yao, na nyengine mwaka 1664 ya kukataza watu zaidi ya watano wasio wa nyumba moja kukusanyika kwa ibada isiyokuwa ya kanisa la serikali. Makundi mengine ya dini yalijificha, yalisali usiku milango imefungwa. Wakweka walikutana mchana kweupe milango wazi. Wakija askari kuwachukua hawapigani wala hawakimbii, wanakwenda, na jengo likivunjwa wanakaa juu ya vifusi. Kule Bristol mwaka 1682 wazee wote walipokuwa ndani, watoto wao ndio walioendelea kukusanyika na kukaa kimya peke yao, wakipigwa na kutishwa lakini hawakuacha. Mimi nina watoto na nikilisoma hili nashindwa kuendelea.

Na mwaka 1670 huko London walishitakiwa William Penn na William Mead kwa kuhubiri barabarani. Walipoingia mahakamani hawakuwa na kofia, hakimu akaamrisha wavishwe, walipokwishavishwa akawatoza faini kwa kutozivua! Jopo la raia 12 waliotakiwa kuwatia hatiani wakakataa, wakafungiwa ndani usiku na mchana bila ya chakula, wakakataa tena, wakatozwa faini na wengine wakapelekwa gerezani, mpaka jaji mkuu akatoa hukumu kwamba jopo haliwezi kuadhibiwa kwa uamuzi wake. Wanasheria wetu wanaosoma sheria za Kiingereza wanaijua kesi hii, ila sijui kama wanajua kuwa ilitokana na Wakweka.

Yaliyowapata Marekani ni mazito zaidi kwa sababu kule waliowatesa walikuwa nao ni watu waliokimbia mateso ya dini. Mwaka 1656 waliingia Boston wanawake wawili, Mary Fisher na Ann Austin. Walivuliwa nguo wakakaguliwa kama wachawi, vitabu vyao vikachomwa moto, wakafungiwa chumba ambacho hata dirisha liliziba, kisha wakarudishwa melini. Baadae ikawa sheria ya kunyonga. Wanaume wawili walinyongwa mwaka 1659, na tarehe 1 Juni 1660 akanyongwa mama mmoja, Mary Dyer, mwenye watoto, ambaye mara ya kwanza alisamehewa kitanzi kikiwa shingoni, akaondoka, akarudi tena kwa miguu yake kupinga sheria ile.

Lakini huyo Mary Fisher habari zake hazikuishia Boston na naomba Waislamu wenzangu wasome hapa kwa makini. Mtumishi wa nyumbani alikuwa, si mtu wa ukoo mkubwa. Mwaka 1658 alitoka kwenda kumwona Sultani wa Uturuki, Mehmed wa nne. Balozi na wafanyabiashara wa Kiingereza walijaribu kumzuia, yeye akateremka pwani akatembea peke yake, mwanamke, masafa ya mamia ya maili, mpaka akafika Edirne ambako Sultani alikuwa amepiga kambi na jeshi lake. Waziri mkuu akampeleka mbele ya Sultani, kijana wa miaka 16, na mkalimani akawekwa. Sultani akamwambia aseme bila ya khofu na asiache neno. Akasema alichotumwa. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamwambia maneno yake ni ya kweli, wakamuuliza anasema nini juu ya Mtume Muhammad, na yeye hakumtukana, akajibu kwamba hamjui, anamjua Kristo aliye nuru, na kuhusu Mtume wao wampime wenyewe kwa maneno yake kama ni kweli au si kweli. Sultani akataka kumpa askari wa kumsindikiza, mwanamke akashukuru akakataa, akarudi salama. Mwenyewe ameandika kuwa aliwapenda watu wale. Kwa hivyo mwanamke mmoja alivuliwa nguo na Wakristo wenziwe Boston, na akaheshimiwa katika hema la Khalifa wa Waislamu. Kwa nini jambo hili halisemwi kwenye darsa zetu mie sijui, kwani sifa yake inarudi kwetu.

Na haliko peke yake. Alikuwepo mwanachuoni wa Andalusi, Ibn Tufayl, aliyefariki mwaka 1185, aliandika hadithi ya Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani bila ya mtu bila ya kitabu akafika kumjua Muumba wake kwa kutafakari tu. Kitabu kile kilipofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1671, ni Mkweka, George Keith, aliyekitia katika Kiingereza mwaka 1674. Na mwanachuoni mkubwa wa Wakweka, Robert Barclay, alimtaja Hayy katika kitabu chake cha itikadi cha mwaka 1676 akimfanya ni ushahidi kwamba nuru ya Mungu inafanya kazi hata kwa ambaye hakusikia Injili, na akaandika wazi kuwa hata miongoni mwa Waturuki na Mayahudi wanaweza kuwemo watu wa Mungu. Huu ni mwaka 1676 ndugu zangu, wakati Wazungu wengine wakihubiri kuwa Muislamu yeyote ni kuni za moto.

Vita pia walivikataa. Fox alipokuwa gerezani Derby alipewa cheo cha kapteni katika jeshi akasema hapana, na mwaka 1661 baada ya watu wengine kufanya uasi na mshale ukawaelekea wao, walimwandikia mfalme kwamba wanakataa vita vyote na silaha zote kwa sababu yoyote ile. Waliendelea na hilo mpaka mwaka 1947 jumuiya zao mbili za misaada, ya Uingereza na ya Marekani, zikapewa Tunzo ya Nobel ya Amani.

Sasa utumwa. Hapa sitaki kuwasafisha kwani hawakuwa safi. Fox mwenyewe alikwenda Barbados mwaka 1671, akakuta Marafiki wana watumwa mashambani, na hakuwaambia wawaache huru wote siku ile, aliwaambia wawatende vizuri, wawafundishe dini na baada ya miaka kadhaa wawaachie. William Penn aliyepewa Pennsylvania, huko Marekani, mwaka 1681 na kuifanya nchi ya uhuru wa dini alikuwa na watumwa nyumbani kwake. Wakweka wengi matajiri wa Philadelphia walikuwa nao. Ile nuru ya kila mtu waliihubiri, lakini mtu mweusi aliyekuwa anawapikia hawakuiona kwake, au waliiona wakafumba macho kwa kuwa faida ilikuwa tamu.

Kilichotokea baadae ndicho ninachokiheshimu. Mwaka 1688 Wakweka wanne wa Germantown, huko huko Pennsylvania, waliandika karatasi wakawauliza wenzao: sisi tukiwa baharini tukiona meli ngeni tunaogopa kuwa ni Waturuki watatuuza utumwani, sasa sisi tunaowanunua watu weusi tuna ubora gani kuliko hao? Karatasi ile ikapelekwa mkutano huu ikapelekwa mkutano ule, kila mmoja anasema jambo zito halituhusu, ikawekwa, ikapotea mpaka ilipogunduliwa tena mwaka 1844. Lakini neno halikufa. Mwaka 1738 akatokea Benjamin Lay, mtu mfupi mwenye kibyongo, akaingia mkutanoni na kitabu alichokitoboa ndani akatia kibofu cha maji mekundu ya matunda, akawaambia wenye watumwa kuwa ni kama wanamchoma binaadamu mwenzao moyoni, kisha akakichoma kitabu kwa upanga na maji yale yakawarukia waliokaa karibu. Wakamtoa nje. Baada yake John Woolman, mshoni wa New Jersey, yeye kwa upole, anakwenda nyumba kwa nyumba kwa miaka, akilala kwa mwenye watumwa asubuhi anatoa pesa zake anawalipa wale watumwa waliomtumikia, anakataa sukari, anakataa nguo zilizotiwa rangi na kazi ya watumwa. Hakumtukana mtu. Mwaka 1758 mkutano wa Philadelphia ukaanza kuwawekea vikwazo wanaonunua na kuuza watu, na mwaka 1776 ukasema Mkweka mwenye mtumwa na akakataa kumwacha huru si mwenzetu tena. Wenzao wa London walishakataa wafanyabiashara wa watumwa tangu 1761, na kamati iliyoanzishwa London mwaka 1787 ya kutaka biashara ile ifutwe, kati ya watu 12 tisa walikuwa Wakweka.

Miaka 88 kutoka ile karatasi mpaka 1776. Na wao hawapigi kura, kila jambo linazungumzwa mpaka wote waridhie, karani anaandika walipofikia, kama hawajaridhia linaachwa mpaka mkutano mwengine. Unaweza kusema ni uzembe, watu wanateseka na nyinyi mnazungumza, na mie pia nasema hivyo. Lakini walipofika walifika wote.

Basi hao ndio waliokuja Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, karafuu ikahamia huku, na karafuu ikaita watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa mwaka 1873 lakini watumwa mashambani walibaki ni watumwa. Huko Uingereza jumuiya ya kupinga utumwa, iliyoanzishwa mwaka 1839 na Mkweka Joseph Sturge, haikunyamaza juu ya Unguja na Pemba, ikawa inaishikilia serikali yao kwamba mmeifanya Zanzibar nchi ya himaya tangu 1890 na bado bendera yenu inapepea juu ya watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuondoa hali ya kisheria ya utumwa.

Ukiisoma amri ile utaona haikuwa na haraka. Mtumwa hakuachwa huru tu, ilibidi mwenyewe aende mahakamani kuomba, mwenye mali akalipwa fidia, mtumwa hakulipwa kitu, na akishakuwa huru ilibidi aoneshe pa kukaa na njia ya kujilisha, akikosa anahesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa. Sasa mtu amezaliwa shambani kwa bwana, nyumba ya bwana, muhogo wa bwana, akenda kwa hakimu atasema anakaa wapi?

Mwaka huo huo 1897 ndipo walipokuja Wakweka, Theodore Burtt na Henry Stanley Newman, na wakanunua shamba la Banani, karibu na Chake Chake. Walinunua shamba la karafuu, ndiyo, hili kweli, lakini shamba lile lilikuwa ndilo jawabu la swali la atakaa wapi, kwamba aliyeachiwa huru apate pahala pa kukaa na kazi ya mshahara na skuli, na watu waone kuwa karafuu inaweza kuchumwa na mtu anayelipwa. Newman aliporudi aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1898 kwa jina hilo hilo la Banani. Burtt alibaki hapa miaka mingi. Na Marafiki huko kwao na huku hawakuacha kuilalamikia serikali juu ya ucheleweshaji na juu ya masuria, mpaka mwaka 1909 amri mpya ilipowafikia na wao.

Je walifanya makosa? Walikuwa Wazungu wa wakati wao, walikuja na mawazo kuwa Muafrika lazima afundishwe kufanya kazi, jambo la ajabu kumwambia mtu aliyefanyishwa kazi bure maisha yake yote. Walitaka watu wawafate katika dini yao na Wapemba wengi hawakufata, tukabaki Waislamu alhamdulillahi, na wafuasi wao hapa walikuwa wachache tokea mwanzo. Huko Kenya walikoanza mwaka 1902 pale Kaimosi ikawa vyengine, leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani, wanaimba na wana wachungaji. Kwetu wamebaki kidogo. Lakini uchache wa mtu si sababu ya kumfuta.

Nadhani sababu ya kweli ya kuwafuta ni kwamba ukiwataja Wakweka lazima utaje watumwa, na ukitaja watumwa lazima utaje mashamba ya nani, na hapo kila mtu anainamisha kichwa kwa kuwa sote hapa tumechanganyika, mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa wamekaa saf moja msikitini na pengine ni mtu mmoja. Mie naona hatuna cha kuogopa. Mwenyezi Mungu katika Suratul Balad ametaja kumwachia huru mtumwa kuwa ni mwanzo wa kukiuka kile kilima kigumu. Kama kuna watu walikuja kutoka mbali wakasaidia katika hilo, kuwashukuru hakupunguzi dini ya mtu.

Ninachoomba ni hivi. Wizara ya Elimu iweke habari za Banani katika vitabu vya historia vya skuli zetu, pamoja na ile amri ya 1897 na masharti yake yote, watoto wasome kwa Kiswahili sio mpaka wafike chuo kikuu. Makumbusho ya hapa Chake ndani ya ngome itenge pembe moja ya habari hizi, na watu wa Nyaraka pale Kilimani watusaidie nakala za barua na ripoti za zama zile. Na kama yupo msomaji ambaye babu yake au bibi yake aliishi, alisoma au alichuma karafuu Banani, basi aandike katika ukurasa huu huu aliyoyasikia, walilipwa vipi, walifundishwa nini, walikaa na wale Wazungu kwa namna gani, na kama walitendewa ubaya alitaje hilo pia, maana wazee wanaoyajua haya wanatutoka kila mwaka na sisi tumekaa barazani tunabishana juu ya Frimasoni.

Wako,
Msomaji,
Chake Chake, Pemba